Jogoo Niliyemchagua Mimi

Mpwa wangu ana kovu chini ya jicho la kushoto. Ni kovu dogo lililopinda kama mwezi mwandamo, na daktari alisema litafifia kadiri mtoto anavyokua. Wanaomwona kwa mara ya kwanza hudhani alianguka akicheza. Hakuanguka. Alirukiwa na jogoo uani kwa bibi yake, Tunduma, mwezi Agosti mwaka jana, alipotumwa kuokota mayai. Jogoo huyo nilimnunua mimi.

Waliotarajia niendelee leo na mjadala wa serikali za mitaa naomba waniwie radhi, nitaurudia. Jambo hili la jogoo nimekuwa nikitembea nalo kwa miezi kadhaa, na kila nikijaribu kuliacha nyumbani nalikuta limenitangulia kazini.

Mama anaishi kata ya Sogea. Tunduma, kwa asiyeifahamu, ni mji ambao barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inavukia Nakonde, Zambia. Mji wa malori, wa kubadilisha shilingi kwa kwacha, wa foleni ambayo kila mkazi ana hadithi yake. Katikati ya mji huo, nyuma ya uzio wa mabati, mama yangu hufuga kuku wa kienyeji. Huwa kati ya 15 na 25, kutegemea msimu na kutegemea kideri. Mayai yao ndiyo sabuni na madaftari ya wajukuu. Jogoo mmoja akiuzwa mwezi wa Desemba ndiyo dawa yake ya shinikizo la damu. Mimi humtumia fedha, lakini amenieleza zaidi ya mara moja kwamba fedha ya kutumiwa na fedha ya mtu mwenyewe hazinunui chumvi ileile.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Pasaka, alinipigia simu kusema anahitaji jogoo mpya. Wa zamani alikuwa amekaa bandani miaka 3, na matetea waliokuwa wakianza kutaga walikuwa mabinti zake mwenyewe. Mama aliishia darasa la 4, lakini alijua kwamba vifaranga vya baba na binti hutoka dhaifu, na baridi ya Juni ikishuka ndivyo hufa vya kwanza. Aliomba nimtumie hela kidogo, amtafute. Nikamjibu kwamba asihangaike, ningekuja Jumamosi na kumchagua mwenyewe. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya siasa. Kuhusu kuku sina hata cheti. Lakini mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, mwenye cheo na gari, na niliona jambo la jogoo ni jambo langu.

Sokoni kuku huletwa ndani ya matenga kutoka vijiji vya Momba, wamefungwa miguu kwa kamba za katani au vipande vya nguo. Niliwapita majogoo sita au saba wa kawaida, wekundu na weupe, bila kuwatazama mara mbili. Kisha nikamwona. Alikuwa mrefu, miguu kama ya mbuni, shingo imenyooka, upanga mdogo uliolala juu ya kichwa, kifua kipana. Muuzaji aliona macho yangu yalipotua.

"Bosi, huyu ni kuchi," alisema. "Huyu hata mbwa anampisha njia."

Kuchi ni kuku wa kienyeji wanaofahamika nchini kwa urefu, uzito na ugomvi. Wafugaji wengi huwatafuta ili kuongeza uzito wa vifaranga, na wapo wanaowafuga kwa ajili ya kupiganisha. Nisimsingizie ukoo mzima kosa la mmoja. Nimeona kuchi watulivu tangu wakati huo. Lakini mimi sikununua uzito. Nilinunua ile sentensi ya mbwa. Nilitoa shilingi 45,000 bila kuomba apunguze.

Mama alimzunguka mara moja, akamtazama machoni, akaniuliza, "Sasa baba, huyu umemleta aje kufanya kazi gani?"

"Mama, si ni jogoo?"

"Haya," alisema. Wanaomfahamu mama wanajua kwamba neno hilo kwake si ridhaa.

Baada ya wiki mbili alinieleza kwa simu kwamba kuku watatu walikuwa wamenyonyoka manyoya ya mgongoni, ngozi inaonekana. Baada ya mwezi, kwamba baadhi ya kuku hawashuki tena asubuhi, wanabaki juu ya kichanja mpaka njaa iwashinde, na mayai yamepungua. Mama anayeuza mkaa aliparurwa goti. Fundi aliyekuja kuziba paa alikaa juu ya ngazi nusu saa akisubiri aokolewe. Hayo yote yalinichekesha. Nilikuwa nimempiga picha siku niliyomleta, nami nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri wenzangu, na chini yake nikaandika: Mwenyekiti mpya wa mtaa. Wakacheka sana. Kila wiki mtu aliniuliza habari za Mwenyekiti, nami nilikuwa na kisa kipya. Nikiyafikiria sasa, mimi ndiye niliyekuwa nafuga jogoo yule. Mama alikuwa anaishi naye tu.

Siku ya Agosti dada yangu alinipigia saa 4 asubuhi. Mtoto, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 6, alikuwa ameinama kwenye kiota. Jogoo alitoka nyuma ya pipa, akaruka kwa miguu miwili. Jogoo ana kipi, yaani ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu juu ya vidole, na hiyo ndiyo silaha yake. Mdomo ni wa kushikia tu. Kipi kimoja kilimpata chini ya jicho. Alishonwa nyuzi 4. Aliyemshona alisema umbali kati ya jeraha na jicho ulikuwa kama punje ya mahindi.

Nitaandika sasa lile ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu. Dada alipomaliza kunieleza, huku nikisikia mtoto akilia nyuma yake, neno langu la kwanza lilikuwa swali: "Kwani alimfanya nini?"

Dada alinyamaza, kisha akakata simu.

Nimewahi kuandika hapa, kwa hasira, juu ya tabia yetu ya kumwuliza raia aliyepigwa kwamba alikuwa amefanya nini. Nimeifundisha kama mada. Nina hata maelezo ya kurasa mbili ninayowagawia wanafunzi wa mwaka wa pili. Siku hiyo swali lilinitoka bila kusita, likimhusu mtoto wa miaka 6, kwa sababu aliyempiga alikuwa jogoo wangu.

Nilifika Tunduma jioni ileile. Jogoo alikuwa amefunikwa kwa tenga, jiwe juu yake. Mama hakunigombeza. Jumapili alimchinja, na baada ya ibada tulikaa kula. Kwetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za nchi hii, firigisi huwekwa kwenye sahani ya mwanamume mkubwa au ya mgeni, na tangu baba afariki huwekwa kwenye yangu. Mama aliichukua kwa kijiko akaiweka kwenye sahani ya mtoto, ambaye alikuwa anaona kwa jicho moja kwa sababu ya bandeji. Mtoto aliniangalia kwanza, kuona kama inaruhusiwa. Nyama ilikuwa ngumu, na hakuna aliyeisifia.

Baadaye nilijua jambo jingine. Vijana wa jirani walikuwa na mchezo wa kupitisha fito na fagio kwenye nafasi za mabati kumchokoza jogoo, ili wamwone akirukia uzio. Walikuwa wamesikia kwamba mwalimu wa chuo kikuu anamsifia kwa ukali wake. Nami, katika ziara yangu ya mwezi Juni, niliwakuta wakifanya hivyo, nikasimama kutazama.

Nimejiuliza nilikosea wapi sokoni, na sehemu ya jibu naiona katika lugha yenyewe. Tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Kipimo cha jogoo ni kuwika. Tukimwita mtu jogoo, tunamaanisha hashindiki. Kuku jike akiwika, wazee wengi husema ni mkosi na huyo hachelewi kuingia chunguni. Lakini kazi kubwa ya jogoo kwa siku nzima, ambayo ni kutafuta chakula na kuwaita wengine waje wakile, sikumbuki methali inayoisifu.

Siasa nazo zimemchagua jogoo kwa macho yaleyale niliyokuwa nayo sokoni. KANU ya Kenya ilimfanya alama yake. ZANU ya Zimbabwe ilimwita jongwe. UNITA ya Angola ilikuwa na jogoo mweusi, na redio yake ya vitani ikaitwa kwa jina lake. Karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya Mto Songwe, jogoo mweusi alikuwa nembo ya Malawi Congress Party ya Kamuzu Banda, aliyetangazwa rais wa maisha mwaka 1971. Hata sarafu ndogo za nchi zikaitwa tambala, ambalo maana yake ni jogoo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Wamalawi walipopiga kura ya maoni tarehe 14 Juni 1993. Alama zilikuwa mbili: jogoo mweusi kwa wanaotaka chama kimoja kiendelee, taa ya chemli kwa wanaotaka vyama vingi. Takriban theluthi mbili walichagua taa. Tukio hilo hulifundisha kila mwaka, na wanafunzi hulipenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini upande mmoja ulidhani jogoo angewavutia watu, na mimi sikuwahi kujiuliza, maana hata mimi alinivutia.

Mwezi Septemba nilimwuliza mama jogoo mzuri huchaguliwaje.

"Sasa ndiyo unauliza?" alisema, kisha akaniambia nivae viatu.

Jambo la kwanza ni kwamba hatukwenda sokoni. Mama hanunui jogoo sokoni kamwe. "Sokoni wote wapole," alisema, "wamefungwa miguu." Alinikumbusha kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mwenye kamba mguuni, aliongeza, bado hujamjua. Tulipanda bajaji hadi Mpemba, kwa mama mmoja wanayesali pamoja, mwenye kuku wasiopungua 30 na majogoo watatu waliokwisha kutimiza mwaka. Huo nao ni mwiko wake: hachagui pora. Pora wa miezi 5 au 6, hata awe mzuri vipi, amelewa ujana; anakimbiza kila kitu na anaogopa kila kitu. Tabia yake ya kweli huonekana akishatulia, na wanaowahi kumsifu au kumlaani hukosea vilevile.

Tulipewa vigoda, tukakaa. Nilidhani tungekaa dakika kumi. Tulikaa tangu saa 9 hadi giza lilipoingia.

Mama hakuanza na majogoo. Alianza na kuku jike. Alitazama migongo yao, kama manyoya yapo, na upanga wa kila mmoja, kama una vidonda vya kudonolewa. Alitazama kama wanatawanyika uani wakichakura au wamejibana pembeni. "Wenyewe watakuambia," alinong'ona. Kisha akaomba kiganja cha mahindi yaliyoparazwa, akayarusha.

Jogoo mkubwa, mweupe mwenye mkia mzuri, ambaye mimi nilikuwa nimeshamchagua moyoni, alifika wa kwanza, akala. Wa pili alikula huku akiwafukuza matetea wawili. Wa tatu alikuwa mwekundu aliyekolea, wa wastani, na kidole kimoja cha mguu wa kulia kilikuwa kimekatika. Aliinamisha kichwa, akaokota punje, akaidondosha, akaiokota tena, akaidondosha, huku akitoa sauti fupifupi za haraka, ko-ko-ko-ko. Kuku wanne walikimbia kumjia. Alirudi nyuma hatua mbili, akanyoosha shingo, akageuza jicho moja juu angani, akakaa hivyo mpaka walipomaliza. Alikula punje zilizobaki. Watafiti wa tabia za ndege wameandika mengi juu ya mwito huo: jogoo huutoa zaidi pale anapoona kuku jike wapo karibu, na kuku hufuata jogoo wanaouitia chakula cha kweli. Mama hajasoma hayo. Alinigusa goti tu.

Mweupe alipokuwa akila, kivuli cha mwewe kilipita juu ya uwanja. Mwekundu alitoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, na ua wote ukawa kimya. Vifaranga viliingia chini ya mikokoteni na matawi. Mweupe naye alikimbilia chini ya mkokoteni.

Kisha mama alisimama na ndoo, akapita katikati yao polepole, pasipo kuwafukuza. Alitaka kuona nani anampisha. Jogoo anayemsogelea mtu kwa ubavu huku ameshusha bawa moja na kuchezesha miguu, alinieleza, haleti salamu, anampima. Wa pili alifanya hivyo. Mwekundu alijitoa njiani, akaendelea na shughuli zake.

Nikauliza juu ya jogoo mmoja mdogo aliyekuwa akija hadi miguuni kwetu, akidonoa kamba za viatu, asiye na hofu hata kidogo. Huyu si ndiye mpole? Mwenyeji akacheka. Alilelewa jikoni baada ya mama yake kuchukuliwa na kicheche, akala kwenye viganja vya watoto. Mama alitikisa kichwa. Jogoo wa namna hiyo akikomaa humwona binadamu kuwa jogoo mwenziwe, na ugomvi wake wote humwelekezea yeye. Anataka jogoo anayemheshimu mtu kwa umbali kidogo. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba kinyume cha ukali ni mazoea.

Jioni tulitazama wanavyopanda kichanjani. Mweupe aliwadonoa wawili hadi wakashuka, akachukua katikati. Mwekundu alipanda wa mwisho. Tulimlipia shilingi 20,000 na mama akaahidi kumletea mwenyeji mtetea mmoja. Njiani nilisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri, kwamba huyu ni mdogo, vifaranga havitakuwa na uzito. "Uzito upo kwenye mayai yanayototolewa," alijibu. Sikuwa na la kuongeza.

Huwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ngazi za madaraka kwa mfano wa kuku. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 juu ya mpangilio wa kudonoana: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake, hadi wa mwisho anayedonolewa na wote. Aliona humo kanuni ya udikteta iliyotanda katika maumbile yote. Alichokiona ni kweli, na ua wa mama unao mpangilio huo. Ila nimekuwa nikiufundisha kana kwamba hapo ndipo habari ya kuku inapokwisha.

Sasa nimeongeza somo jingine. William Muir, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alichapisha mwaka 1996 matokeo ya jaribio lililohusu kuku wa mayai wanaoishi pamoja ndani ya kizimba kimoja. Njia iliyozoeleka ni kumchagua kuku mmojammoja anayetaga kuliko wenzake. Yeye alichagua vizimba: familia nzima ya kuku waliokaa pamoja ilihesabiwa kwa mayai yao wote na kwa idadi ya waliobaki hai, na familia bora ndizo zilizoendelezwa. Katika kizazi cha 2 cha kuku hao, waliokufa kwa mwaka katika vizimba vya pamoja walikuwa asilimia 68, kwa kuwa midomo yao haikukatwa na walikuwa wakiuana. Kufikia kizazi cha 4 walikuwa asilimia 8.8, na mayai yaliongezeka. Vizazi viwili tu. Mtagaji bingwa wa kizimba anaweza kuwa bingwa kwa sababu amewanyima wenzake nafasi ya kutaga, na ukimhesabu yeye peke yake huwezi kulijua hilo. Nilipoisoma ripoti hiyo nilikumbuka mama akitazama migongo ya kuku kabla ya kumtazama jogoo.

Mwezi Oktoba niliketi kwenye jopo la usaili wa nafasi ya uongozi, mahali ambapo sitapataja. Waombaji watano. Mmoja aliingia, akavuta kiti kabla ya kukaribishwa, akazungumza dakika 12 kuhusu aliyoyafanya, sauti nzito, kila sentensi ikianza na mimi. Mwingine, mama wa makamo, aliulizwa juu ya mradi aliousimamia, akataja majina ya wenzake wanne na kila mmoja alifanya nini. Fomu yetu ilikuwa na mstari wa kujiamini, wenye alama 10. Haikuwa na mstari wa kuuliza waliokuwa chini yake wako katika hali gani. Nilipendekeza tuwapigie simu watu wawili watatu waliowahi kufanya kazi chini ya kila mwombaji, wala si wadhamini waliowataja wenyewe. Nikaambiwa, kwa adabu, kwamba muda hautoshi na utaratibu hauna kipengele hicho. Tuliwasaili wote wakiwa ndani ya tenga. Nikajaza fomu. Nilipojumlisha alama zangu nilikuta hata mimi nimempa yule wa kwanza 9 za kujiamini na yule mama 6. Nilizitazama namba hizo kwa muda, nikazibadilisha, lakini haikutosha. Yule wa kwanza yuko kazini sasa, na watumishi wawili wa ofisi hiyo wanaosoma ukurasa huu wameniandikia kuulizia nafasi za uhamisho.

Ua wa mama umetulia. Migongo ya kuku imeota manyoya, na mama wa mkaa anaingia bila kubisha. Mwekundu ni jogoo mzuri, si malaika. Anapigana na jogoo wa jirani kupitia mabati kila asubuhi, na aliwahi kuliita kundi zima kwenye kipande cha sabuni. Mtoto hakutoka uani peke yake kwa miezi miwili. Siku hizi anatoka, lakini akiwa na ufagio mkononi, na jogoo akiita chakula yeye husimama mpaka aone miguu yake iko upande gani.

Limebaki jambo moja. Kuchi aliacha vifaranga 23, na kati yao mapora 11. Mama aliwatazama tangu Novemba. Kumi wameuzwa au kuliwa mmojammoja kadiri walivyoonyesha tabia. Wa 11 bado yupo. Ana miguu ya baba yake, shingo ya baba yake, na urefu uleule ulionivutia sokoni. Mwezi uliopita, mvua ilipokatika na kumbikumbi wakatoka, nilimwona akimkamata mmoja, akamdondosha, akaita. Alifanya hivyo mara tatu kabla ya kula wake.

Nilimwambia mama kwamba huyu basi abaki. Alisema ana miezi 9 tu, mwaka haujatimia, na mara ya tatu aliita akiwa anamtazama mtoto, si kuku. Sikuwa nimeliona hilo. Nikamwuliza lina maana gani. Alisema hajui bado, angemtazama hadi Pasaka, akaniomba nimsogezee kigoda.